Mshale Unaotazama Chini

Jumatatu, 6 Mei 2024

Mvua tangu alfajiri. Watu wa stendi wamejazana chini ya bati la kibanda changu cha simu, wengi wao hawana shida ya simu, wanajikinga tu. Mwenye shida alikuwa mmoja, dereva wa lori la Moyale, mtu mzima mwenye ndevu za hina. Amesema nyimbo alizohifadhi zinamkimbia. Akiwa mjini zinaimba. Akishaipita Archer's Post zinakatika, akifika Merille zinarudi, mbele kidogo zinakatika tena. "Hii simu inachagua mji wa kuimba," akasema, na waliojikinga mvua wakacheka.

Nimefungua maktaba yake. Nyimbo zimo zote, zimepangwa, kila moja na tiki yake ya kijani. Mshale unaotazama chini sikuuona hata mahali pamoja. "Abti," nikamwambia, "simu yako ina majina ya nyimbo tu. Nyimbo zenyewe ziko kwenye kompyuta za wenye programu, na kila ukibonyeza zinakuja upya kwa bando lako." Kutoka hapa Isiolo hadi Moyale ni kama kilomita 500. Lami ipo siku hizi, tena nzuri, lakini mtandao unakaa vituoni. Katikati ni migunga na ngamia.

Akauliza mbona programu haikumwambia. Mshale upo, ila mara nyingi ni wa anayelipa kwa mwezi. Ndivyo ilivyo hata kwa Spotify, iliyofunguliwa Kenya Februari 2021: asiyelipa anasikiliza pamoja na matangazo, anayelipa ndiye anayeshusha. Mdundo, iliyozaliwa Nairobi, inamruhusu mtu kushusha faili bure, lakini si kila mwimbaji yumo. Anayeishi chini ya mnara wa simu anaweza kumaliza mwaka bila kujua kuwa jina la wimbo na wimbo ni vitu viwili. Dereva wa Moyale analijua hilo ndani ya saa moja.

Amelipa kwa M-Pesa hapohapo. Nikamwekea waifai yangu, nikazima kile kipengele cha kubana betri ambacho hukatiza ushushaji skrini ikilala, na simu ikabaki kwenye chaja mpaka orodha nzima ikapata mshale. Yeye alikuwa hotelini akinywa chai. Aliporudi nikaiweka simu katika hali ya ndege mbele yake, nikabonyeza wimbo. Ukaimba. Hilo ndilo jaribio ninaloliamini. Mengine ni maneno.

Jumatano, 8 Mei

Mwalimu wa sekondari, simu mpya, maktaba tupu. Miaka yote ya nyimbo haipo, amebaki na zile orodha ambazo programu humtungia mgeni. Alikuwa karibu kulia, na mimi sicheki mtu kwa hilo. Nyimbo ni za marehemu mumewe kwa sehemu kubwa.

Swali langu la kwanza huwa hilohilo: "Mwanzoni uliingia kwa kutumia nini? Namba, barua pepe au Facebook?" Hakukumbuka. Kwenye simu mpya aliingia kwa namba ya simu, programu ikamkaribisha vizuri na kumfungulia akaunti nyingine kabisa. Haijui kuwa ni mtu yuleyule. Tumetafuta katika barua pepe zake ujumbe wa kukaribishwa, ule ambao hakuna anayeusoma. Tukaupata kwenye anwani aliyokuwa akiitumia chuoni. Tukatoka, tukaomba paswadi mpya kwa anwani ile, tukaingia. Nyimbo zikashuka skrini nzima, moja chini ya nyingine.

Nimemwandikia kwenye kikaratasi, akakitia ndani ya kifuniko cha simu: umeingia kwa anwani hii. Wateja wangu wengi wanaosema "nyimbo zangu zimefutwa" hawajafutiwa kitu. Wako kwenye nyumba ya jirani wakishangaa mbona vyombo si vyao.

Ijumaa, 10 Mei

Sikukuu ya ghafla. Rais ametangaza siku ya kupanda miti kwa ajili ya waliokufa katika mafuriko. Nimefungua kibanda baada ya swala.

Wasichana wa mtaa wa Bulla Pesa wamekuja kundi zima, na ubishi wao umenichukua dakika mbili. Alama ya moyo iko wapi? Haipo. Mwaka 2023 Spotify iliuondoa moyo ikaweka alama ya jumlisha. Unabonyeza jumlisha, wimbo unaingia kwenye ulizozipenda, alama inageuka tiki. Kosa linakuja hapo: mtu anaona tiki, anadhani bado hajamaliza, anabonyeza tena, inafunguka orodha ya mahali pa kuuweka, anagusagusa, anautoa. Kisha anasema programu inakataa kuhifadhi. Bonyeza mara moja uondoe mkono.

Mmoja wao kauliza kama maktaba hujaa. Hadi Mei 2020 Spotify ilikuwa na kikomo cha nyimbo 10,000 kwa maktaba ya mtu, kisha kikaondolewa. Sijakutana na mtu Isiolo aliyekikaribia. Huku kinachojaa ni simu.

Jumapili, 12 Mei

Leo nimetukanwa kwa makosa ya bahari.

Asubuhi ilianza vizuri. Kabla ya adhuhuri kila ushushaji ukasimama. Namba zinaonekana, hazisogei. Nimezima ruta nikaiwasha. Nimehamia laini ya mtandao mwingine, vilevile. Kijana wa boda akaniambia nimebana waifai ili anunue bando kwangu. Sikujibu.

Habari zimekuja jioni: nyaya za EASSy na Seacom, zinazopita chini ya Bahari ya Hindi, zimekatika upande wa Afrika Kusini, na Afrika Mashariki yote inakwenda kwa kuchechemea. Februari ilikuwa Bahari ya Shamu, nyaya zikakatika huko pia. Sasa upande wa kusini. Basi wimbo ulioimbwa Marsabit, na mteja yuko Isiolo, kaskazini moja, mvua moja, unangoja fundi wa meli huko mbali.

Kijana wa boda hakungoja. Alifuta programu yote akaiweka upya, akidhani ataizindua. Majina ya nyimbo yamerudi, kwa sababu majina yako kwenye akaunti. Zilizokuwa na mshale zimekwenda zote, kwa sababu zilikuwa ndani ya simu, na programu ikifutwa huondoka na mizigo yake. Sasa hana nyimbo na hana mtandao wa kuzirudisha. Ushushaji ukikwama, dawa ni kuuacha ulivyo. Mtandao ukirudi unaendelea wenyewe. Kufuta programu ni dawa ya mwisho, tena si ya siku ambayo waya umekatika.

Jumanne, 14 Mei

Mtandao unajikongoja. Mama wa maziwa amekuja mapema, akishapakia mitungi yake ya maziwa ya ngamia kwenye basi la Nairobi. Mitungi inashukia Eastleigh, hela inarudi kwa simu, na simu hiyohiyo ndiyo redio yake. Anamtaka Magool, mwimbaji wa Kisomali. Ametafuta "Halima Magol", "Halima Magul", amepata mtu asiyemjua anayeimba kwa mashine.

Nimemwonyesha jinsi ya kuandika. Kisomali kilipata herufi zake rasmi mwaka 1972, na humo *h* ile nzito huandikwa *x*. Wenye kuweka nyimbo kutoka Hargeisa, London au Minneapolis wanaandika Xaliimo, na Omar wanamwandika Cumar. Sisi tuliosomea shule za Kenya tunaandika kwa masikio ya Kiswahili na Kiingereza, kisha tunailaumu simu. Mara nyingine mashine inasamehe, mara nyingine haisamehi.

Tukaingia kwa upande wa jirani yake, Mborana, aliyemtuma amtafutie Hachalu Hundessa. Mambo yaleyale. Waoromo wa Ethiopia wanaandika Haacaaluu Hundeessaa. Mwimbaji huyu aliuawa Addis Ababa tarehe 29 Juni 2020, na Waborana wa huku wanamsikiliza bila mkalimani. Tukapata ukurasa wenye jina lake, na pembeni kurasa nyingine kadha wa kadha za watu waliopandisha nyimbo zake kwa majina yao, picha ya ua au ya simba. Hapo ndipo penye mtego. Nimechukua simu ya mama nikamwonyesha kwenye maktaba yake mwenyewe: nyimbo tatu zimekuwa za kijivu. Ukizigusa hazisemi kitu.

Wimbo wa kijivu si simu kuharibika. Aliyeupandisha ameuondoa, au ameondolewa kwa kuwa haukuwa wake, au mkataba wa kampuni ya nyimbo na programu umekwisha kwa nchi hii. Pengine wimbo uleule umetolewa upya chini ya albamu nyingine, na kwa mashine huo ni wimbo mwingine kabisa, haurukii kwenye nafasi ya ule wa zamani. Kwa hiyo unautafuta upya, unauhifadhi ule ulio hai, unautoa uliokufa. Mbili za mama tumezipata kwa njia hiyo. Wa tatu haupo popote.

"Ulikwenda wapi?" akaniuliza.

"Haupo, mama. Hakuna mwenye haki aliyeuweka."

"Mimi ninao kwa kaseti nyumbani," akasema, kama mtu anayezungumzia chumvi.

Alhamisi, 16 Mei

Memori kadi bandia. Kijana kainunua Nairobi kwa bei ya kutupa, imeandikwa 128, ameielekeza programu ishushie humo, na kila wimbo wa jana unaiba nafasi ya wimbo wa juzi. Orodha yote ina mishale, nusu hazichezi. Nimeitia kwenye laptopu nikaendesha H2testw, ile programu ndogo ya Kijerumani inayojaza kadi kisha kusoma ilichoandika. Kadi ni ya 8. Iliyobaki ni uongo uliopachikwa kwenye chipu. Nimemrudishia nyimbo kwenye simu yenyewe. Kadi ameitupa mtaroni, na mtaro ukaichukua, maana mvua bado.

Jumamosi, 18 Mei

Siku ya soko la mifugo huleta wateja nisiowaona katikati ya wiki. Mchunga ngamia, kijana mrefu, simu ndogo na paneli ya sola aliyoikunja kama mkeka. Alikuwa fora, kambi ya malisho ya mbali, pande za kule Merti, mwezi mzima na zaidi. Alilipa, alishusha, mishale yote ilikuwepo, aliondoka na furaha yake. Akasema zilimwimbia vizuri halafu asubuhi moja zikakataa zote, kwa pamoja, kama zilizoambizana.

Huyu hakukosea chochote. Spotify, kwa mfano, inataka uingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30 ili ihakikishe bado unalipa. Usipoingia, ulichoshusha kinafungwa. Aliyeweka sheria hiyo alimfikiria mtu wa gari moshi la Ulaya, si mtu ambaye mwezi wake unapimwa kwa maji ya kisima. Nami naona ni sheria mbaya. Ng'ombe wa kukodi hurudishwa, sawa, lakini hata mwenye ng'ombe hamfungi mdomo akiwa malishoni.

Suluhisho la kweli kwake ni faili, si programu. Nimemnunulia nyimbo zilizouzwa kwa faili, nyingine amezishusha Mdundo, nikazitia kwenye kadi ya kweli, nikamwekea kichezeshi cha kawaida kisichouliza mtandao. Ngamia watasikiliza hadi Desemba. Kazi hii ndiyo iliyojenga kibanda changu zamani, kujaza nyimbo kwenye flashi za madereva, shilingi kadhaa kwa wimbo, na wakati ule hakuna aliyeuliza haki ni za nani.

Jumatatu, 20 Mei

Mama wa maziwa ameleta kaseti zake ndani ya mfuko wa unga. Nyuma yake ameongozana na baba mkwe wake, mzee mwenye kofia na fimbo, ambaye kaseti hasa ni zake. Nyingine alizirekodi kutoka redioni enzi za Sauti ya Kenya, kabla haijaitwa KBC. Nyingine ni za harusi. Kiborana upande mmoja, Kisomali upande wa pili, kama Isiolo yenyewe.

Nimetamani kucheka na nimetamani kukaa chini. Nimekumbuka Hargeisa: kabla ya ndege za Siad Barre, rais wa Somalia, kuupiga mji mwaka 1988, watu wa redio walizifukia kanda ardhini ili zisiteketee. Miaka mingi baadaye kampuni ya Ostinato ilichagua nyimbo kutoka katika hazina zile ikazitoa 2017, na mkusanyo huo ukateuliwa kwa tuzo ya Grammy. Kwetu Kenya, huko Nairobi, Ketebul Music wamekuwa wakikusanya nyimbo za wazee kwa miaka. Lakini kaseti za mfuko wa unga hazimngoji mtu wa Nairobi.

Jumatano, 22 Mei

Kaseti ya kwanza ilikwama. Kile kijisufi kidogo kinachoisukuma kanda igusane na kichwa cha redio kimeng'oka, gundi imekauka. Ganda lina skrubu tano ndogo. Nimelifungua juu ya kitambaa cheupe ili zisipotee, nikayatoa magurudumu mawili na kanda yake bila kuiachia ilegee, nikavihamishia kwenye ganda la kaseti ya mahubiri ambayo mwenyewe hajaja kuichukua. Kichwa cha redio nimekipangusa kwa pamba na spiriti mpaka pamba ikaacha kutoka na kahawia. Waya kutoka tundu la vipokea sauti hadi laptopu, Audacity imefunguliwa, sauti nimeipunguza isifike kwenye nyekundu. Kisha kungoja. Kanda ya dakika 60 inachukua dakika 60, hakuna mtandao wa kasi unaobadilisha hilo.

Mzee kasikiliza akakunja uso. "Huyu anaimba kama mtoto."

Betri. Redio iliyorekodi harusi ile ilikuwa na betri zinazokufa, ikazunguka polepole, na sasa kwenye redio yangu yenye umeme kamili sauti zinapanda. Hakuna kipimo cha kuniambia zilikuwa wapi. Nikaifungua sehemu ya kubadilisha mwendo, nikapunguza kidogo, nikacheza. "Bado." Nikapunguza. "Bado, huyu ni binamu yangu, sauti yake ilikuwa kifuani." Nikapunguza. Nikazidisha, akasema huyo sasa mgonjwa. Nikarudisha nyuma kidogo. Akatulia, akaanza kupiga fimbo sakafuni kufuata makofi, na mama akatoka nje kwenda kuangalia mitungi ambayo haikuwepo.

Ijumaa, 24 Mei

Kuandika majina ni kazi kuliko kurekodi. Faili lisilo na jina la mwimbaji linaingia kwenye programu kama "asiyejulikana", na wasiojulikana wote wanarundikwa chumba kimoja. Mzee anataja, mimi naandika: mwimbaji, mahali, mwaka kwa kukadiria, nani alipiga makofi. Majina ya Kiborana nimeyaandika kwa namna mbili, ya Kenya na ya Ethiopia, kila moja kwenye nafasi yake, nisije nikawatesa watoto kwa *ch* na *c*.

Kisha nimeyapandisha mafaili YouTube Music, kwenye akaunti ya mama. Inakubali hadi nyimbo 100,000 za kwako mwenyewe, ila ni kwa kivinjari cha kompyuta, kwenye simu hutaona pa kupandishia. Na anayezisikia ni mwenye akaunti peke yake. Jioni mama alifungua simu yake, akaenda kwenye maktaba, sehemu ya zilizopandishwa. Wimbo wa tatu, ule ambao haukuwepo popote, umekaa pale na jina lake kamili. Nikamwambia aubonyeze mshale pia, na nikamtilia nakala kwenye flashi. Simu ni ya kusikilizia. Flashi ni ya siku simu itakapoangukia maziwa.

Jumapili, 26 Mei

Mjukuu wa mzee, yuko chuoni, anataka nyimbo za harusi zitolewe hadharani, programu zote, jina la mwimbaji liwe lake kwa kuwa ndiye mwenye barua pepe. Nimekataa kumpa mafaili. Kwa sheria ya Kenya ya hakimiliki, rekodi ya sauti inalindwa miaka 50, na hizi hata 50 hazijafika. Tena waliotia sauti wana watoto walio hai. Yeye akasema watu wote wanafanya hivyo. Ndiyo, nikamjibu, ndiyo maana nyimbo za mama wa maziwa zilikuwa za kijivu.

Mzee alikata shauri kwa kupiga simu. Binti wa yule binamu yuko Garba Tulla, anauza dukani. Walizungumza kwa sauti kubwa kwa muda mrefu, kisha mzee akanipa simu. Yule mama hakuuliza habari za programu wala za haki. Aliuliza kama sauti ya baba yake inasikika maneno yote, na nikamwambia yote isipokuwa pale mbuzi alipopita. Kuhusu kuziweka hadharani atawauliza kaka zake kwanza. Kwa sasa anataka yake, na hataki kiungo, mtandao wa huko anaujua mwenyewe. Anataka flashi, itumwe kwa gari la kesho, na niandike juu yake kwa kalamu ya wino jina la baba yake, si namba ya simu yangu.